Picha ya Mjomba Kwenye Grupu la Kuzikana

Nianze kwa kukiri, maana hata nisipokiri mimi, ukishuka stendi ya Ngara ukamuuliza bodaboda yeyote yule dada wa steshenari aliyemuua mjomba wake kwa simu ni yupi, atakuleta mpaka mlangoni kwangu, na njiani atakusimulia vibaya. Basi bora nisimulie mwenyewe. Naitwa Dafroza, nina chumba kimoja cha kutoa kopi na kuchapa barua za maombi ya kazi, kule juu mjini, na pembeni natengeneza tovuti (nasema hivyo kama vile nimetengeneza nyingi, ziko mbili, na moja ni ya kwangu mwenyewe). Hiyo nyingine ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa ya kikundi cha wakulima wa maharage cha Kirushya, nyumbani kwao mama yangu, na mwenyekiti wao ni Mjomba Melkiori, kaka wa mama, mtu wa sauti ya taratibu na kichwa kigumu kupita kiasi. Kikundi kina maharage mazuri, wamama wanayachambua punje kwa punje, lakini miaka yote wameyauza kwa walanguzi wanaokuja na pikipiki na mizani ambayo kila mtu anajua ina lake jambo. Mjomba akasikia kuna mnunuzi Biharamulo, Bwana Sadiki, anayepeleka maharage shule za bweni, anayechukua kwa lori na siyo kwa debe. Sasa huyo Bwana Sadiki aliwahi kutapeliwa na kikundi hewa, kina mhuri, kina katiba, kina kila kitu isipokuwa wakulima na maharage, na tangu siku hiyo hamwamini binadamu. Akamwambia Mjomba kwamba kabla hajapoteza mafuta ya gari lake anataka kuona kwanza kama kweli wapo. Ndipo nikaitwa mimi, mpwa msomi wa kompyuta.

Nikaenda Kirushya na kamera ya kuazima (ya kwangu ni ya pasipoti tu) nikapiga picha za mashamba, wamama wakichambua, magunia yamepangwa, ghala na ufunguo wake. Zilikuwa picha nzuri, hilo siwezi kulikataa hata nikiwa na hasira. Kosa ni kwamba nilizipandisha kwenye tovuti kama zilivyotoka kwenye kamera, kila moja megabaiti saba, nane, kwa sababu kwenye kompyuta yangu zilikuwa zinafunguka mara moja (zingeacheje kufunguka, na zilikuwa humohumo ndani). Bwana Sadiki akaifungua tovuti kwa simu akiwa Biharamulo, akapata ukurasa mweupe. Kesho yake akajaribu tena, mweupe. Akampigia Mjomba, akamwambia, "Mzee, hii tovuti yenu inanikumbusha wale jamaa, jina lipo na ndani hamna kitu. Alhamisi saa sita njoo ofisini kwangu tuifungue pamoja. Isipofunguka, tusisumbuane tena."

Jumanne Mjomba akaja dukani kwangu na ujumbe huo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku bado anahema kwa kupanda kilima, nikamkalisha kwenye stuli ya kupigia picha za pasipoti, nikaanza kumweleza.

"Picha ni nzito, mjomba. Inabidi nizipunguze ndiyo tovuti ifunguke haraka."

"Unazipunguza nini?"

"Uzito tu. Kwa macho hutaona tofauti yoyote."

Akafikiri. "Za maharage punguza. Yangu iache kama ilivyo."

Picha yake, mjue, ndiyo iliyokuwa juu kabisa ya ukurasa, amevaa suti ya harusi ya mwanawe wa kwanza, ameketi wima, mikono kwenye magoti, anaitazama kamera kama inamdai maelezo. Megabaiti tisa na ushee. Nikamwambia hiyo ndiyo nzito kuliko zote.

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Mwenyekiti hapunguzwi."

Angekuwa mteja mwingine ningebishana naye mpaka jioni, lakini huyu ni kaka wa mama, ndiye aliyenilipia cherehani niliyoiuza nikanunua kompyuta ya kwanza, kwa hiyo nikakubali. Jumatano nikapunguza za maharage zote kistaarabu, kwa programu yake, moja baada ya nyingine. Alhamisi asubuhi nikaijaribu tovuti kwa simu. Maharage yalikuja upesi, magunia upesi, na kule juu Mjomba akawa anashuka polepole kuanzia kwenye nywele, baadaye paji la uso, baadaye nyusi, na nilipofika kuhesabu dakika ya pili alikuwa bado hajapata mdomo. Nikajua kwa mwendo huo Bwana Sadiki hatasubiri mpaka tai. Mjomba mwenyewe alikuwa ameshaondoka na gari la alfajiri kwenda Biharamulo, na kasimu kake ka tochi huwa anakazima akiwa safarini ili kasimalize chaji. Hakuna wa kumuomba ruhusa. Nikaamua kumpunguza bila yeye kujua.

Hapo ndipo ingekuwa rahisi tu, kama umeme usingekatika. Kompyuta ilikuwa na chaji kidogo, ile programu ya kupunguza picha inakula chaji kama haina akili, nikasema potelea mbali, nitatumia njia ya mkato. Njia yenyewe watu wote wa steshenari tunaijua: unatuma picha kwa wasapu, ikipita kule inakondeshwa yenyewe, halafu unachukua ile nakala nyepesi inayobaki kwenye simu kwenye folda ya zilizotumwa. Mimi kwa kazi hiyo nina grupu langu la peke yangu, nilimwingiza mdogo wangu nikamtoa, nikabaki mwenyewe, natuma humo mizigo yangu na hakuna anayeniuliza.

Nina pia grupu jingine, ambalo kila mtu mwenye asili ya Kirushya analo, la chama chetu cha kufa na kuzikana. Humo hamna mchezo. Huruhusiwi kusema habari za asubuhi, huruhusiwi kutuma sala wala tangazo la kuku, katibu alishawatoa watu kwa mambo hayo. Humo zinaingia habari za msiba tu, na kwa utaratibu tuliouzoea picha ndiyo inatangulia. Mtu akifa, wa karibu yake anaweka picha, bila neno, kwa sababu mwenye msiba hana nguvu ya kuandika, na maneno anayaleta katibu baadaye. Kwa hiyo picha ya mtu mzima akiwa peke yake, amevaa suti, kimya, kwenye grupu lile ina maana moja tu.

Nadhani mmeshafika mahali ninapoelekea. Nilikuwa nimeshachagua picha, nimenyoosha kidole kwenye grupu langu lililokuwa juu kabisa ya orodha, na sekunde ileile katibu akaandika kule kuzikana kitu fulani kuhusu michango ya sufuria, orodha ikaruka, grupu langu likashuka na lile likapanda, na kidole changu hakikuwa na habari hizo. Nikabonyeza, nikatuma. Sikuangalia hata mara moja. Nikaenda kwenye folda, nikaichukua picha imekondeka vizuri, kilobaiti mia moja na kitu, nikaipandisha kwenye tovuti kwa bando la simu, nikajaribu. Mjomba alitokea mzima mzima, na tai yake, kwa sekunde tatu. Nilifurahi nikaiacha simu juu ya meza nikavuka barabara kwenda kunywa chai na chapati, tena nikaagiza chapati ya pili.

Kurudi, nakuta mama amenipigia mara kumi na moja. Nikapiga. Mama alikuwa analia kabla sijasema haloo.

"Dafroza, kaka yangu amekufa."

"Kaka yupi?"

"Ninao wangapi? Melkiori. Melkiori wetu amekufa, mwanangu."

Naomba hapa mnielewe, maana watu wakinicheka ndipo wanaponichekea zaidi. Nilimwamini. Nitaachaje kumwamini mama yangu anayelia? Mjomba alikuwa safarini, simu yake nikipiga haipatikani, na nilipofungua grupu la kuzikana nikakuta limejaa, pole kwa familia, Bwana ametoa na Bwana ametwaa, tulikuwa naye Jumapili kanisani, mmoja anasema ni ajali, mwingine anasema hapana ni presha, wa tatu amesikia kwa mtu wa uhakika kwamba amedondoka akiwa ofisini kwa watu. Sikupandisha juu kuona zimeanzia wapi. Machozi yalikuwa yananichuruzika mpaka kwenye kioo cha simu, naanzaje kupandisha juu? Nikalia pale kwenye stuli ya pasipoti, nikamkumbuka alivyokaa palepale juzi anahema, nikajilaumu kwamba nilimpunguza picha bila ruhusa siku ya mwisho ya maisha yake.

Na kwa sababu mimi ni mtu wa kazi, kabla ya kufunga duka nikafungua kompyuta, ikiwa na chaji ya mwisho mwisho, nikaibadilisha ile picha kuwa nyeusi na nyeupe, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: MAREHEMU MZEE MELKIORI, MWENYEKITI WETU. PUMZIKA KWA AMANI. Nikapandisha. Nikaona kwamba bila rangi imekuwa nyepesi zaidi, na katikati ya kilio nikafurahi kidogo. Huyo ndiye mimi, msinitafutie sifa nyingine.

Nikachukua bodaboda kwenda Kirushya, nimejifunga kanga mbili, na kila tuliposimama nikawa natoa taarifa. Kwenye kona wanapouza ndizi wakaniuliza ni kweli, nikasema ni kweli. Kwenye duka la dawa wakaniuliza, nikasema ndiyo, ametutoka. Dereva mwenyewe akapunguza mwendo kwa heshima. Kwa hiyo yule aliyekuwa bado ana shaka nilimwondolea shaka mimi, ndugu wa marehemu.

Nyumbani kwa Mjomba nilikuta msiba umeshasimama. Turubai limefungwa kati ya migomba, wanaume wameketi upande mmoja kwenye mabenchi ya kanisani, wamama wako jikoni na sufuria mbili kubwa, moja ndizi, moja maharage. Mke wa Mjomba ameketi kwenye mkeka ameegemezwa kwa mto. Mama aliponiona akanidondokea, tukalia pamoja, tukalia sana, na mimi kila nikijaribu kunyamaza namwona Mjomba na mikono yake kwenye magoti. Wazee wawili walikuwa wanajiandaa kwenda Biharamulo kuutafuta mwili.

Kabla hawajaondoka katibu wa chama akasimama na daftari. Katibu wetu ni mwalimu mstaafu, anapenda mambo yawe na tarehe na saa. Akakohoa. "Ndugu waombolezaji, taarifa ya msiba huu tuliipata leo saa tatu na dakika hamsini, kutoka kwa mpwa wa marehemu, Dafroza, aliyeko Ngara mjini. Nimefurahi amefika. Namwomba asimame atueleze mwenzetu alifikwa na mauti wapi na kwa namna gani, ili wazee wetu wajue wanaelekea hospitali ipi."

Nikasimama. Nikamtazama. Nikasema, "Mimi nimeambiwa na mama."

Mama akainua kichwa. "Mimi nimeona kwenye grupu."

"Nani aliweka kwenye grupu?" nikauliza, tena kwa ukali, kama mtu anayetaka haki itendeke.

Katibu akavaa miwani, akatoa simu, akasoma namba taratibu, tarakimu moja moja, kama anaita mahudhurio darasani. Alipofika ya saba nilikuwa nimeshakaa chini. Akageuza kioo, na nikaiona picha, suti, tai, mikono kwenye magoti, na juu yake jina langu. Watu zaidi ya sitini walikuwa wananitazama na hakuna aliyekuwa analia tena. Ikabidi nieleze. Jamani, mmeshawahi kusimama kwenye msiba mkaeleza mambo ya megabaiti? Nikasema picha ilikuwa nzito, nikasema kuna namna ya kuipunguza, nikasema kidole. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo ulimtuma kwetu ili apungue?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akamgeukia jirani yake wakaanza kuongea Kihangaza, na mama yangu, ambaye machozi yalikuwa yamekauka ghafla, naye akahamia Kihangaza, na aliyoniambia humo siwezi kuwaandikia.

Nikadhani angalau sasa watafurahi kwamba mtu hajafa. Wapi. Nusu yao walikataa. Wakasema basi kama yu hai mpigieni simu, tukapiga, haipatikani, wakasema mnaona. Mmoja akasema huenda binti alikosea kweli lakini mzee naye akawa amekufa kweli, mambo mawili yanaweza kutokea siku moja. Katibu akafungua daftari lake na kusema kwamba msiba ukishatangazwa haufutwi kwa maneno, utafutwa marehemu akionekana. Wamama wakaendelea kukoroga.

Hapo ndipo nilipotazama saa, ikawa saa saba kasoro. Saa sita Bwana Sadiki na Mjomba walikuwa wanafungua tovuti. Ile ile niliyoiandika MAREHEMU. Kwa Mjomba pako bondeni, mtandao unaupata kwa kupanda, nikakimbia juu ya mashamba na kanga zangu mbili, nikajaribu kufuta yale maandishi kwa simu. Ukurasa mweupe. Nikapanda zaidi, mweupe. Nilikaa kwenye jiwe nikiwa nimeinua mkono hewani mpaka simu ikafa chaji, na ninawaambia kweli, nilitamani nami nizime.

Yaliyotokea Biharamulo Mjomba alitusimulia baadaye, na anayasimulia mpaka leo. Saa sita kamili Bwana Sadiki akaandika anwani ya tovuti kwenye simu yake. Ikafunguka papo hapo. Akasema, "Heko, leo imefunguka." Akaitazama simu, akamtazama Mjomba, akaitazama simu.

"Mzee, wewe ni nani?"

"Melkiori. Mwenyekiti."

"Mwenyekiti wenu amefariki. Wameandika hapa wenyewe."

Mjomba akaomba aione. Akajitazama. Akasema, "Lakini mimi nilikuwa na rangi."

Bwana Sadiki hakucheka. Mtu aliyekwisha kutapeliwa na mhuri wa kweli na katiba ya kweli, leo ameletewa mzee aliyevaa suti ya marehemu (Mjomba alikuwa amevaa suti ileile kwa ajili ya mkutano), wewe ungefikiri nini? Akafunga mlango wa ofisi, akasema ama waende polisi ama waende Kirushya sasa hivi akaonyeshwe mwenyekiti. Mjomba akawasha kasimu kake apige nyumbani, kakatoa mwanga, kakazima. Namba ya mtu hata mmoja haijui kichwani, zote zimo humo. Wakaingia kwenye gari la Bwana Sadiki, safari ya saa mbili na zaidi.

Gari likafika saa tisa na kitu, nami nikiwa nimeshashuka kutoka juu, nimesimamishwa nyuma ya jiko niwape wamama kuni. Mlango ukafunguliwa, akashuka Mjomba na suti yake. Dada mmoja aliyekuwa anatoka kisimani akaacha ndoo ianguke akaingia kwenye migomba, na wengine watatu wakamfuata. Kwenye mabenchi hakuna aliyesogea. Mzee mmoja tu, rika lake, akamuuliza kwa upole, "Melkiori, umerudi?"

"Nimerudi."

"Karibu."

Mama akaenda mbio akamshika kola, akamshika mabega, akamshika mikono mpaka kwenye vidole, akarudia tena tangu juu. Mjomba akamwacha. Mkewe alibaki palepale kwenye mkeka analia upya, mara hii kwa sauti. Mjomba akalitazama turubai, akatazama sufuria, akauliza nani amefanya hivi, na watu wote wakanyoosha mkono upande wa jiko, hata wale ambao hawajawahi kumiliki simu.

Sasa Bwana Sadiki. Yeye alikuwa bado amesimama kwenye gari lake, ameshika ufunguo, uso umekaza, anahesabu watu. Kwetu mgeni akifika msibani haulizwi amekuja kufanya nini, anapewa maji ya kunawa na sahani. Msiba wenyewe umefutika, lakini chakula kimeiva, kiende wapi? Shangazi mmoja akamnawisha, akampa ndizi na maharage. Akala amesimama, kwa adabu tu. Akala tena. Akaketi.

"Haya maharage mliyaloweka tangu jana?" akauliza.

"Tuyaloweke jana," shangazi akamjibu, "wakati mtu kafa leo?"

"Yamekaa motoni muda gani?"

"Tumeyaweka saa sita. Saa nane tunapakua."

Akachukua punje moja akaibonyeza kwa vidole. Akamweleza Mjomba, mara ya kwanza tangu Biharamulo anamwita mwenyekiti, kwamba shule zinalia na kuni, maharage mengine yanakaa motoni kutwa na watoto wanayala yakiwa magumu. Akauliza yametoka gunia lipi. Mke wa Mjomba akafuta machozi akasema ni lile la ghalani, lililochambuliwa vizuri, lililokuwa limefungwa kwa kamba nyekundu.

"Mmepika sampuli ya mnunuzi?" Mjomba akauliza.

"Tulikupikia wewe," akajibu mkewe.

Bwana Sadiki akatembezwa ghalani, akaingiza mkono kwenye magunia, akawauliza wale wamama majina yao mmoja mmoja na shamba la kila mmoja liko wapi, nao walikuwepo wote, maana msibani hakosi mtu. Akasema ataleta lori Jumatatu, moja kwanza, halafu wataongea. Kabla hajaondoka akaniita.

"Binti, ile tovuti yako siku hizi inafunguka haraka sana. Leo ingechelewa kidogo tu, nisingemwita mzee wa watu tapeli."

Nikasema samahani, baba. Moyoni nikawa nachemka. Majuma sita, jamani, nimehangaika na picha za maharage, nimeomba kamera, nimekula bando langu, nimepunguza picha moja moja mpaka macho yananiuma, kumbe mwenye kununua alihitaji sahani. Ile tovuti ipo mpaka leo, nimeyafuta yale maandishi, rangi za Mjomba zimerudi, nyepesi na kamili, na hakuna anayeifungua isipokuwa mimi.

Adhabu yangu chama kilikaa kikaijadili. Wengine walitaka nitolewe kwenye grupu, lakini katibu akaleta hoja yake. Akasema jambo moja limeonekana siku ile, kwamba picha ya Melkiori ilifunguka kwa watu wote, hata kwa walio Mwanza wenye bando la kubahatisha, wakati misiba mingine watu hawajui ni nani kwa sababu picha imeletwa nzito au imepigwa kwenye giza la harusi. Kwa hiyo Dafroza atawapiga wanachama wote picha nzuri, ataziweka nyepesi, azitunze, ili siku ya mtu ikifika isiwe kuhangaika. Na kuanzia sasa haitumwi picha bila maneno. Wakapitisha kwa kunyoosha mikono, na mimi nikanyoosha.

Basi ndiyo kazi yangu. Wanakuja siku za soko, wazee kwa wazee, wamevaa za Jumapili, wanaketi kwenye stuli ya pasipoti na kuniambia wamekuja kupigwa ile ya grupu. Mmoja aliomba nimwondolee mvi. Mwingine aliitazama akasema hapana, rudia, hapa naonekana kama nimeshaanza. Nawapiga, nazipunguza kwa kompyuta, kwa programu yake, simu nimeifungia kwenye droo, na nimeapa kwamba njia ya mkato siipiti tena hata umeme ukatike mwezi mzima. Picha ikitakiwa kutumwa popote, nasoma jina la grupu kwa sauti, mara mbili, wateja wakinishangaa wanishangae.

Wiki mbili zilizopita alikuja mama. Amesuka, amevaa kitenge kile cha bluu, ameketi kwenye stuli, amenyoosha mgongo na kuweka mikono magotini kama kaka yake. Akasema, "Nipige vizuri, maana hiyo mimi sitaiona."

Nikachukua kamera, nikamtazama kwa kile kidirisha chake. Nikaiweka chini, nikamwambia imeharibika. Akarudi Jumapili baada ya misa kuniuliza kama imetengenezwa, nikamwambia kuna kifaa nimeagiza Mwanza hakijafika. Ataendelea kuja kuuliza, namjua, na mimi nitaendelea kuagiza.